Tupeane uzoefu: mume na mke waliotumikia jeshi, na kazi walizoshika baada ya kuvua gwanda

Mwanzisha uzi, Bombo

Heshima kwenu maafande, wazee, mama zetu, na vijana mliokulia kambini.

Wanandoa wa jeshi wanatutoka mmoja mmoja. Kizazi cha hapa Uganda kilichoingia msituni baada ya Tarehe Sita (6 Februari, siku kambi ya Kabamba iliposhambuliwa) mwaka 1981 na kufika Kampala 26 Januari 1986 sasa kina mvi. Wapo walioana wote wawili wakiwa na gwanda, wakatenganishwa na operesheni miaka nenda miaka rudi, na ndoa ikasimama. Msibani tunasoma vyeo na vikosi vyao kwa kirefu, lakini miaka ishirini ya mwisho inapewa sentensi moja: "Baada ya kustaafu alijishughulisha na kilimo." Kilimo gani? Shimo la kina gani? Nini kilikufa na kwa nini? Elimu hiyo inazikwa pamoja nao, na mimi inaniuma.

Basi kila anayeijua kazi moja vizuri aiweke hapa: hatua, vipimo, kinachoharibika na sababu yake. Majina tuyaache, familia zao zipo.

Naanza na jambo moja. Nyumba za wastaafu wawili zinazosimama huwa na kazi ya polepole na kazi ya haraka kwa wakati mmoja. Mafao ya mkupuo yakizama yote kwenye kahawa au ng'ombe, nyumba inakaa miaka miwili bila shilingi na shamba linauzwa likiwa changa. Yakiingia yote dukani, karo ya watoto na wajukuu inakula mtaji. Mume na mke waliotumikia jeshi wana ujuzi wa aina mbili waliokwisha kufundishwa: mhudumu wa afya, fundi wa magari, mpishi, karani wa stoo, mtu wa mawasiliano. Mmoja ashike la polepole, mwingine la haraka, na madaftari ya hesabu yawe mawili. Jeshi lilipopunguzwa kuanzia 1992, bodi ya kusaidia maveterani iliwarudisha uraiani watu zaidi ya 30,000 wakiwa na mabati na fedha za kuanzia. Mabati hayamfundishi mtu kazi. Tuandike.

Mchangiaji, Masaka

Afande, nachukua kahawa. Nazungumzia robusta, inayokubali huku kwetu Masaka na kule Mukono, Luweero na Nakaseke. Walio Mlima Elgon na Kasese wana arabika, vipimo vyao ni vingine.

Ekari moja inabeba miche kama 450 kwa nafasi ya futi 10 kwa 10. Shimo ni futi 2 kila upande, kina futi 2. Unapochimba, udongo wa juu uwe kushoto na wa chini uwe kulia, usivichanganye. Kinachorudi shimoni ni ule wa juu, umechanganywa na karai moja la samadi iliyooza kabisa. Shimo lililojazwa liachwe miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo anayelenga mvua za Machi awe amemaliza kuchimba kufikia Desemba. Samadi mbichi huchemka ardhini na kuunguza mizizi. Mche unanyong'onyea wiki ya tatu na mtu anasingizia jua.

Miche nunueni ya zile aina zinazohimili mnyauko, zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Kituza, Mukono. Kabla ya kulipia, chana mfuko mmoja wa mfano. Mizizi ikiwa imejizungusha chini kama kamba, mche umezeeka kitaluni na hautashika vizuri. Achana nao hata kama bei ni nzuri.

Katikati pandeni migomba. Inatoa kivuli, na kabla kahawa haijatoa kitu nyumba inakula matoke. Mti wa kwanza utaonyesha matunda kama mwaka na nusu hadi miwili, lakini mavuno ya kuhesabika ni mwaka wa tatu. Mstaafu aliyekopa SACCO kwa ahadi ya kurejesha mwaka wa kwanza kwa kahawa amejifunga kitanzi, maana marejesho ya mkopo yanaanza mapema na kahawa haina haraka hiyo.

Mche ukishika, upinde taratibu kuelekea upande mmoja na uufunge kwa kigingi. Machipukizi yatatoka kwenye mgongo wake. Chagua matatu yenye nguvu yaliyo karibu na ardhi, mengine yote yatoe. Shina likiachwa na machipukizi sita au saba unapata msitu wa majani na punje chache.

Maadui ni wawili. Wa kwanza ni kidudu kidogo cheusi kinachotoboa matawi. Tawi linakauka kuanzia kwenye ncha, na ukiligeuza utaona tundu kama la sindano upande wa chini. Kata chini ya tundu, choma siku hiyo hiyo. Tawi lililokatwa na kuachwa shambani ni kiwanda cha vidudu. Wa pili ni mnyauko. Mti mzima unageuka manjano, majani yanaanguka, na ukikwangua gome karibu na ardhi unakuta rangi ya buluu iliyoiva hadi weusi. Huo hauna dawa. Ng'oa na mizizi, choma hapo hapo uliposimama. Ukiuburuta kuvuka shamba unaueneza ugonjwa njia nzima. Panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mti mwingine.

Mchangiaji, Jinja

Mzee wa Masaka ametupa la polepole, mimi nawapa la haraka: upishi wa sherehe na misiba. Waliopika kwenye mesi za jeshi wana kitu ambacho mpishi wa mtaani hana, yaani kupika kwa hesabu na chakula kutoka saa iliyosemwa.

Watu 100 kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi), meza ikiwa na wali, matoke na posho (ugali) kwa pamoja: mchele kilo 10 zinatosha. Wali ukiwa peke yake, hesabu kilo 15. Maharage makavu kilo 10, yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe. Posho ni unga kilo 1 kwa maji lita 2, na kilo hiyo ni ya watu wanne wanaokula kweli, au sita kama kuna vyakula vingine. Pilau ya kilo 10 za mchele inataka nyama kilo 6, vitunguu kilo 2 na mafuta lita moja na nusu. Vitunguu vifikie rangi ya kahawia iliyokolea kabla nyama haijaingia, maana rangi ya pilau ni ya kitunguu, na anayekimbilia kuongeza bizari kuficha haraka yake atajulikana kwenye sahani ya kwanza.

Sufuria kubwa isijazwe zaidi ya theluthi mbili. Wali wa sufuria kubwa huungua chini na kubaki mbichi juu kwa sababu moto wa kuni uko katikati tu. Maji yakikaribia kukauka, ondoa kuni, tandaza makaa, weka mengine juu ya kifuniko, acha dakika 20 bila kufunua. Matoke ya kuvukiza kwenye majani ya mgomba yanataka saa mbili na zaidi, hivyo ndiyo yanayotangulia motoni. Posho inakuja mwisho.

Hatari ya kweli ni muda. Wali uliopikwa alfajiri ukakaa vuguvugu mpaka saa tisa alasiri huumiza matumbo hata ukipashwa moto tena, kwa sababu sumu inayoachwa na vijidudu vya wali haifi kwa moto. Chakula kikae cha moto kabisa au kisipikwe mapema. Sherehe zetu huchelewa, kila mtu anajua, basi muulize mwenye shughuli saa ya kula, kisha panga moto wako ukijua itasogea. Viungo viwe vimekatwa, mchele umechaguliwa, sufuria ya mwisho isiwashwe hadi wageni waanze kuketi.

Fedha: asilimia 70 ipokewe kabla ya kwenda sokoni. Kwenye msiba wa jirani utapika bila kudai, hilo ni la utu, lakini kuni na mchele vinunuliwe na kamati.

Mchangiaji, Mbarara

Asanteni. Naomba mwenye kujua upande wa karatasi. Nyumba nyingi za wanandoa hawa zinavurugika siku mmoja akifa, hata shamba liwe zuri namna gani.

Mchangiaji, Mukono

Mama wa Mbarara, hilo ni langu.

Mtu akinunua kibanja (haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mwingine) kwenye ardhi ya mailo (ardhi yenye hati ya mmiliki, hasa Buganda), kununua kwa muuzaji pekee hakutoshi. Mwenye ardhi lazima apewe nafasi ya kwanza na atoe ridhaa, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2010 kukwepa hilo ni kosa linaloweza kukupotezea kibanja chenyewe. Ukinunua yenye hati, fanya uchunguzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti, na tembea na mpima mpaka uyaone mawe ya mipaka. Askari huwa anaamini neno la askari mwenzake na kulipa chini ya mti. Hapo ndipo mashamba mawili yanauzwa kwa watu wawili.

Hati iandikwe majina yote mawili. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya ardhi ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani, na hilo linawalinda, lakini jina lililo kwenye hati linaepusha ubishi mrefu.

Ndoa nayo. Walioana kimila wakati wa vita wengi hawana cheti. Ndoa ya kimila husajiliwa gombolola (ofisi ya tarafa ndogo), na inapaswa kufanyika ndani ya miezi sita. Waliopitwa waende wakaulize ada ya kuchelewa wakiwa bado hai wote wawili, wakiwa na mashahidi wa pande zote. Mjane akija na picha za harusi bila karatasi, kila ofisi inampeleka ofisi nyingine.

Mmoja akifariki bila wosia, mpangilio ni huu: cheti cha kifo kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili), kisha barua ya kutopinga kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha mahakamani kuomba barua za usimamizi. Kwa marekebisho ya sheria ya mirathi ya 2022, mwenzi aliyebaki ana asilimia 20, watoto 75, ndugu wategemezi 4, na mrithi wa kimila 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi haiingii kwenye mgao huo. Wapo shemeji wanaofika na kufuli siku ya arobaini. Waonyeshwe kifungu hicho kwa upole.

Nakala za barua ya kustaafu, namba ya jeshi ya kila mmoja, na vyeti vya medali viwe kwenye faili moja ambalo watoto wanajua lilipo. Aliyepewa medali ya Luwero Triangle na hana cheti chake nyumbani, ukumbusho wake utasomwa kwa kubahatisha.

Mchangiaji, Gulu

Duka la dawa, kwa mstaafu aliyekuwa kwenye kitengo cha afya. Leseni ni ya NDA (mamlaka ya dawa ya taifa), ya mwaka, inakwisha 31 Desemba. Anayeanza kuihuisha Januari tayari anauza bila kibali. Duka la dawa si famasi wala kliniki: unauza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, na hauchomi sindano. Muuguzi wa jeshi amezoea kuchoma, na wagonjwa wanamjua, wanamwomba. Akikubali mara moja amehatarisha leseni yake, na mgonjwa akipata mzio hana kifaa cha kumwokolea. Akitaka kutibu, asajili kliniki.

Malaria ndiyo itakayoingia mlangoni kila siku. Pima kwanza, soma kipimo kwa muda ulioandikwa kwenye boksi, si kabla. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi: vidonge 4 vya mseto (artemether na lumefantrine), mara 2 kwa siku, siku 3, jumla 24. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni, na zimezwe na chakula chenye mafuta kidogo. Siku ya pili homa inashuka na mtu anabakiza vidonge "vya mtoto". Mwandikie saa kwenye boksi mbele yake.

Rafuni, dawa inayoisha muda mapema ikae mbele. Karani wa stoo wa jeshi hahitaji kufundishwa hili, na ndiyo maana mume mwenye kalamu na mke mwenye uuguzi wanafaa sana kwa duka moja.

Mchangiaji, Magamaga

Fupi, kuhusu gereji. Fundi wa malori ya jeshi asiache dizeli kukimbilia magari madogo. Lori lililoishiwa mafuta au kubadilishwa chujio huingiza hewa: jaza dizeli safi, legeza skrubu ya hewa, sukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza huku mafuta yakitoka. Ukizungusha stata bila kutoa hewa unaua betri tu. Breki za upepo: fungua valvu chini ya matangi kila jioni, maji yatoke. Maji yakibaki yanakula tangi na valvu kwa kutu, na breki zinachelewa mteremkoni.

Mchangiaji, Masaka

Afande wa Magamaga, malori hayo ndiyo yanayobeba kiboko chetu (kahawa iliyokaushwa na ganda lake), basi nimalizie kukausha, sikugusa.

Chuma nyekundu peke yake. Mbichi ikichanganyika inakauka ikiwa nyeusi na bei inashuka kwa gunia zima. Anika kwenye turubai au chekecheke lililoinuliwa, kamwe si ardhini, tabaka la vidole viwili, geuza mara kadhaa kwa siku, funika mvua ikija na usiku. Wiki mbili hadi tatu za jua. Tikisa kiganjani: ikilia kama njuga imekaribia, lakini kabla ya kuuza nenda na sampuli kwa mwenye kipimo, unyevu uwe asilimia 13 au chini kidogo. Kiboko kikavu cha kilo 100 kitakupa kase (kahawa iliyokobolewa) karibu nusu yake, kilo 50 na kitu. Ukiambiwa 40 kinuni, kaa pale uone ganda linatoka na nini, au peleka kinu kingine kilo 10 za majaribio kabla ya kukoboa zilizobaki.