Majani ya hosta zangu yamepoteza rangi ya samawati na kutobolewa: naomba ushauri

Bustani Ndogo: Habari za jioni, wanajamvi. Ninaishi Leicester, Uingereza, na mwaka juzi nilipanda hosta nne za aina ya Halcyon kando ya uzio kwa kupendezwa na majani yake ya samawati. Mwezi Mei yalikuwa yanameremeta, lakini tangu jirani akate mti wake jua la mchana linapiga moja kwa moja, na sasa, mwishoni mwa Julai, majani ni ya kijani cha kawaida na yametobolewa mithili ya chekeche, ingawa ninamwagilia kila jioni nikirudi kazini. Nimekosea wapi? Tena, mama yangu aliyeko Tanga anaomba mche wake. Je, utaota huko?

Mzee wa Majani: Ndugu, usamawati ule ni nta nyembamba iliyotanda juu ya jani, lipanguse kwa kidole utaona kijani chini yake. Jua kali huiyeyusha, na hata kivulini hupungua kadiri kiangazi kinavyosonga, kwa hiyo usijilaumu kupita kiasi. Subiri hadi Machi, vichipukizi vinapochomoza ardhini kama ncha za mikuki, ndipo uhamishe mimea penye jua la asubuhi pekee. Ukitaka kuigawa, kila kipande kibaki na vichipukizi viwili au vitatu, na kisu ukisafishe kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine, kwa kuwa kuna virusi vya hosta vinavyosafiri katika utomvu na havina tiba.

Binti Mrima: Mashimo hayo ni kazi ya makoa, wale konokono wasio na gamba. Hula usiku, nawe kwa kumwagilia jioni unawalowanishia njia. Mwagilia asubuhi, tena shinani. Mimi nilitandaza maganda ya mayai mwaka mzima bila nafuu yoyote. Kilichonisaidia ni nematodi, minyoo midogo mno inayochanganywa na maji na kumwagwa udongoni joto lake likizidi nyuzi 5.

Kuhusu mama, Tanga haifai. Hosta ni mmea wa Japani, Korea na China, na bila kulala wiki kadhaa katika baridi hudhoofika mwaka hadi mwaka. Mtafutie kaladiamu, ambayo hupenda joto na kivuli cha pwani.

Bustani Ndogo: Ahsanteni sana. Nimetoka na tochi saa nne usiku na kuokota makoa kumi na saba, sita wakiwa chini ya jani moja. Kesho nitaanza kumwagilia kabla ya kwenda kazini.