Paini bado zimesimama, nitajuaje kubiki mita?

Swali: Wakuu, nina ekari 3 za paini aina ya patula Mufindi. Dalali anataka kununua kwa macho. Nipimeje mwenyewe?

Jibu 1: Bei ya macho ni hasara yako. Zungushia shina futi kamba mita 1.3 toka ardhini; kwenye mteremko, simama upande wa juu. Ikisoma sm 94, gawa kwa 3.14: kipenyo sm 30. Ukisahau kugawa, ujazo unavimba karibu mara kumi! Kisha 0.7854 (yaani 3.1416 gawa kwa 4) × 0.30 × 0.30 × urefu (tuseme mita 20) × 0.45 = kubiki 0.64. Hiyo 0.45 ni kwa sababu shina huchongoka kwenda juu.

Jibu 2: Na usipime miti yote. Piga duara la nusu kipenyo mita 11.28, jumlisha ujazo wa miti iliyomo, zidisha kwa 25: hiyo ni hekta moja. Shamba lako ni kama hekta 1.2. Kwenye mwinamo wa nyuzi 20, kamba ya kupanda na kushuka iwe mita 12. Fanya maduara kadhaa, bila kuchagua penye miti minene.

Muuliza swali: 0.45 inafaa kila shamba?

Jibu 1: Hapana, ni makisio. Miti ikiangushwa, pima magogo machache urekebishe.