Akimaliza chakula dawa, anapokelewa na nani?

Mshauri_Lishe: Wakuu, wateja wanaotumia ARV (dawa za VVU) wanapona utapiamlo, tunawaachisha chakula dawa (chakula maalumu cha pakiti cha kutibu utapiamlo), miezi michache baadaye BMI (uwiano wa uzito na urefu) imeshuka tena. Tunawaunganishaje na miradi ya kipato?

Afisa_Ugani: Msisubiri siku ya kumwachisha. Andikeni rufaa ya kwenda kwenye mradi uzito unapoanza kupanda. Ila mwenye BMI chini ya 16 msimpe jembe; mwili hauna akiba, atapoteza hata kidogo alichopata. Akikaribia 18.5 kazi nyepesi inawezekana. Pakiti ya chakula dawa ya gramu 92 ina kilokalori 500 hivi. Ikigawanywa kwa watoto wote nyumbani, mgonjwa haongezeki, na wengi hukimbilia kulaumu ARV. Ulizeni kaya inakula milo mingapi, palepale kwenye mizani.

Mratibu_Rufaa: Karatasi hupotea. Nakala moja kwa mteja, moja kwa mradi, moja kituoni, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuuliza baada ya wiki mbili kama alifika. Fomu isitaje VVU. "Kaya yenye uhitaji wa chakula" inatosha. Na ridhaa kwanza!

Mweka_Hazina: Nyongeza: kaya yenye njaa ikipewa mkopo itakula mtaji. Kwanza msaada wa chakula au fedha, kisha kikundi cha kuweka akiba, mkopo baadaye. Siku ya kikundi isigongane na siku ya kuchukua dawa.

Mshauri_Lishe: Hapo kwenye siku ndipo tulipokosea. Shukrani.