Naomba ushauri: War of the Worlds ipi niwaonyeshe vijana?

Habari zenu wakuu. Hapa Ujiji, Kigoma, kikundi chetu cha vijana kimemaliza kusoma riwaya ya H. G. Wells ya 1898, ile ya wavamizi wa kutoka Mars. Sasa wanataka kuiona kwenye skrini, na bando linatosha kupakua moja tu. Nimeangalia filamu ya 1953 na ya Spielberg ya 2005. Zote zimehamishia kisa Marekani. Ya pili inatisha kwelikweli, ila naikosa sana ile London iliyokimbiwa na watu, maana kwangu ndiyo roho ya kitabu. Tamthilia ya BBC ya 2019, sehemu tatu, imebaki Uingereza. Mlioiona, inafuata kitabu kiasi gani? Na mtoto wa miaka 12 anaweza kuitazama?