Mjadala: Je, Tanzania irudishe tamko lake kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha?

Njiapanda (mleta mada)

Wakuu, tarehe 21 Novemba 2019 Tanzania iliwasilisha Umoja wa Afrika taarifa ya kuondoa tamko lake la Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yaani tamko linaloruhusu mtu au asasi kuishtaki nchi huko moja kwa moja. Mwaka mmoja baadaye, 22 Novemba 2020, taarifa hiyo ikaanza kufanya kazi. Tangu siku hiyo raia au asasi haiwezi kufungua shauri moja kwa moja dhidi ya Tanzania katika mahakama hiyo, ambayo makao yake yapo hapahapa Arusha.

Tuanze kwa kunyoosha jambo linalopotoshwa kila siku: Tanzania haikujitoa kwenye Mahakama. Iliridhia Itifaki mwaka 2006 na bado ni mwanachama. Mashauri yaliyofunguliwa kabla ya 22 Novemba 2020 yanaendelea, na hukumu zake zinaifunga nchi. Hilo lilishaamuliwa 3 Juni 2016, Rwanda ilipoondoa tamko lake: nchi inaruhusiwa kuondoa, kwa notisi ya mwaka mmoja, ila haigusi mashauri yaliyokwishafika mezani. Kilichofungwa ni mlango wa mtu binafsi.

Msimamo wangu: tamko lirudi, na lirudi bila masharti. Anayepinga anieleze mfungwa aliyehukumiwa bila wakili aende wapi.

Mwambao

Napinga, na napinga kwa sababu za kisheria.

Tamko la 2010 halikuwa tupu. Lilisema watu na asasi watafika mahakamani baada ya kumaliza njia zote za ndani, na kwa kuzingatia Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Serikali ilipoliondoa ilisema tamko limekuwa likitekelezwa kinyume na masharti hayo. Soma hukumu ya Mahakama hiyo ya Arusha ya 20 Novemba 2015, ya mfungwa aliyepewa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, utaelewa lalamiko lilikotoka. Serikali ilisema mwombaji hajamaliza njia za ndani: hoja ya kukosa wakili hakuwahi kuileta Mahakama ya Rufani, na hakufungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu. Mahakama ikajibu kwamba haki zile ni fungu moja na haki ya kusikilizwa kwa haki, kwa hiyo majaji wa ndani walipaswa kuziona wenyewe. Shauri la kikatiba, na hata maombi ya mapitio (kuiomba Mahakama ya Rufani iiangalie upya hukumu yake yenyewe), ikayaita njia zisizo za kawaida ambazo mtu halazimiki kuzipitia.

Sasa niambieni, maana ya kumaliza njia za ndani ni nini kama majaji wa Rufani wanalaumiwa kwa hoja ambayo hakuna aliyewaeleza? Hapo ndipo wenzetu wanapoiita Arusha ngazi ya nne ya rufaa.

Kiboriloni

Mkuu Mwambao, umeisoma hukumu vizuri lakini umeruka mahali penye uzito. Mtu yule kesi yake iliamuliwa akiwa hayupo kwa sababu ya ugonjwa, na hakuwa na wakili katika hatua yoyote. Unamdai ajue kuibua hoja ya kukosa wakili, wakati wa kuijua hoja hiyo ni wakili ambaye hakupewa.

Kuhusu mapitio: Kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 inatoa sababu tano tu, kama kosa la wazi kwenye kumbukumbu au upande kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, na inataka maombi yaletwe ndani ya siku 60 tangu hukumu. Mfungwa asiye na wakili anasubiri nakala ya hukumu, anaandikiwa maombi gerezani, siku zinapita. Akiomba kuongezewa muda anatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa, na kuonyesha kwamba mapitio yake yanaangukia kwenye mojawapo ya sababu zile. Kwenye karatasi njia ipo, ila kwa mtu wa aina hii haipitiki.

Halafu hiyo ngazi ya nne. Mahakama ya Afrika haipimi upya ushahidi kama ya rufaa. Inaangalia kama mwenendo uliendana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ambao tuliusaini wenyewe. Katika hukumu hiyohiyo ya 2015 ilikataa kuamuru mfungwa aachiwe, ikisema amri kama hiyo inahitaji mazingira ya kipekee. Mahakama inayojipa ukubwa isingejizuia hivyo.

Nyasi za Mara

Wacha niongeze ya upande wa Kenya, kwa maana nyinyi mnabishana juu ya mlango ambao sisi hatukuwahi kufunguliwa. Kenya iliridhia Itifaki 2004 lakini tamko haijaweka hadi leo.

Waogiek wa Msitu wa Mau walilazimika kuzunguka. Walianza kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, mwaka 2009, Tume ikapeleka shauri Arusha 2012, hukumu ikatoka 26 Mei 2017, na ya fidia 23 Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali, pamoja na agizo la kupewa hatimiliki ya pamoja. Hesabu miaka. Na hao walikuwa jamii nzima yenye asasi nyuma yao. Mashauri ambayo Tume imeyapeleka Arusha yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Anayesema "Tume ipo, wapitie huko" akumbuke hivyo.

Mwambao

Sikatai kwamba njia ya Banjul ni ndefu. Lakini msifanye kana kwamba hapa nyumbani hakuna kilichobadilika. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu jaji au hakimu kuthibitisha kwamba mshtakiwa asiye na uwezo anahitaji wakili kwa maslahi ya haki. Lile pengo la 2015 limeanza kuzibwa na Bunge letu.

Na kuna mambo ambayo si ya majaji. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ilisema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na liamuliwe na Bunge. Tarehe 14 Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, Arusha ikasema katazo la mgombea binafsi linavunja Mkataba. Majaji wa bara zima wanaiambia nchi ibadili Katiba yake! Na hata Mtanzania aliye kwenye jopo haketi, kwa sababu Ibara ya 22 ya Itifaki inamtoa jaji kwenye shauri la nchi yake.

Kiboriloni

Ibara ya 22 ni ulinzi kwa pande zote mbili, mkuu. Ulaya jaji wa nchi husika anakaa, Afrika tumechagua asikae ili asishukiwe. Na mahakama hii imeongozwa na Watanzania wawili, Jaji Augustino Ramadhani kuanzia 2014 na Jaji Imani Aboud kuanzia 2021. Huwezi kusema ni chombo cha wageni.

Kuhusu Bunge: mgombea binafsi bado haruhusiwi. Adhabu ya kifo ya lazima chini ya kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, ambayo Mahakama ilisema 28 Novemba 2019 kwamba inavunja haki ya uhai kwa kumnyima jaji uwezo wa kupima mazingira ya kosa, nayo ilibaki kwenye sheria. Arusha haina polisi wala dalali wa mahakama. Utekelezaji unasimamiwa na Baraza la Mawaziri la Umoja wa Afrika, na Mahakama inaripoti tu nani hajatekeleza. Nchi iliyoweza kukaa na hukumu ya 2013 bila kuitekeleza haikuwa na sababu ya kuogopa mlango wenyewe. Kinachopotea ukifunga ni kumbukumbu rasmi kwamba haki ilivunjwa.

Njiapanda

Kuna la mwaka 2020 ambalo halijatajwa, na mimi ndilo linaloniuma zaidi. Sheria Na. 3 ya 2020 ilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi: anayefungua shauri la kikatiba aape kwa kiapo akionyesha yeye mwenyewe ameathirika vipi. Asasi iliyokuwa ikimsemea asiyejiweza ikabanwa nyumbani, na ndani ya mwaka uleule mlango wa Arusha ukafungwa. Mwambao, unataka watu wapitie shauri la kikatiba kwanza. Njia hiyohiyo iliwekewa geti.

Mwambao

Hilo la 2020 nakubali limeipunguzia nguvu hoja yangu. Siwezi kudai njia ya ndani ipitiwe wakati ilibanwa.

Basi nitoe pendekezo. Tamko lirudi likiwa na maneno mahususi: mwombaji aonyeshe hoja yake iligusiwa mahakama za ndani, isipokuwa kama hakuwa na wakili. Na sharti la Katiba libaki.

Kiboriloni

Nusu ya kwanza inazungumzika. Ya pili haitafanya kazi. Sharti la "kuzingatia Katiba" linamaanisha nchi inajipima kwa rula yake yenyewe, na mahakama yoyote ya kimataifa italisoma kwa namna inayobakiza maana ya Mkataba. Matokeo yake ni mzozo uleule wa 2010 hadi 2019, kisha kuondoa tena. Benin na Côte d'Ivoire waliondoa 2020, Tunisia ikafuata 2025. Kila tamko lililowekwa nusunusu linampa waziri anayefuata kisingizio tayari.

Nyasi za Mara

Na kwa anayesoma huku ana ndugu gerezani leo: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo ya Arusha, haidai umalize njia za ndani, lakini Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inataka ufungue ndani ya miezi miwili tangu tendo au tangu ulipojua. Muda huo hauongezwi. Katika shauri la Mlima Elgon, mwaka 2012 kitengo cha rufaa kilikataa hoja kwamba uvunjaji unaendelea. Pia haiketi kama rufaa ya jinai, kwa hiyo hoja iwe ni kuvunjwa kwa Mkataba wa Jumuiya, kama walivyofanya waliopinga Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kushinda Machi 2019.

Miezi miwili ikipita, inabaki Banjul. Andika jina lako hata kama unataka lifichwe, ambatanisha hukumu za kila ngazi, epuka lugha ya matusi kwa serikali, usitegemee habari za magazeti peke yake, na usikae muda mrefu baada ya hukumu ya Rufani. Ukiacha hilo la kuambatanisha hukumu, hayo ni masharti ya Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa sahauni, Tanzania haijaridhia itifaki inayoruhusu malalamiko ya mtu binafsi huko.

Mwambao

Asante kwa maelekezo hayo. Kiboriloni, kwenye sharti la Katiba bado hatujaelewana. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba, lakini tamko liliwekwa na likaondolewa na Serikali. Kabla ya kubishana maneno ya tamko jipya, ningependa lipitishwe bungeni, ili hata kuliondoa kuhitaji Bunge. Afrika Kusini mahakama yao ya katiba ilishasema Desemba 2018 kwamba rais alikosea kushiriki kuua Mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Hapo mtanipata.

Njiapanda

Kwenye hilo tuko pamoja. Anayejua kuandika muswada aweke rasimu hapa, tuipitie kifungu kwa kifungu.