Nyumba ya marehemu mzee iko Kimara, bei halisi naijuaje?

mtoto_wa_kimara: Wakuu habari zenu. Tunataka kuuza nyumba ya familia Kimara, vyumba vinne, ina hati. Dalali mmoja kasema milioni 95, mwingine 140, sasa mama amechanganyikiwa na mimi pia. Bei ya kweli tunaijuaje?

fundi_mbezi: Pole mkuu. Dalali anataka iuzike haraka apate chake, usimfanye ndio mzani. Ulizia nyumba zilizouzwa kweli mtaani kwenu mwaka huu, sio zilizobandikwa "inauzwa" maana hiyo ni bei ya kuomba tu, halafu linganisha ukubwa wa kiwanja, barabara gari inafika mlangoni au la, maji, na kama bonde linajaa mvua ikinyesha.

dada_goba: Tafuteni mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, utamlipa ndio ila ripoti yake ina uzito. Angalizo, mara nyingi anaandika bei mbili, thamani ya soko na ile ya kuuza kwa haraka ambayo benki huitazama wakikopesha, hiyo ya pili ni ndogo, sisi mnunuzi alitushikia hiyohiyo tukakaribia kukubali, iliniuma sana. Na mirathi mmeshafungua? Bila msimamizi wa mirathi mnunuzi makini hatoi hela.

mtoto_wa_kimara: Mirathi tayari, msimamizi ni mama. Asante dada, Jumatatu natafuta mthamini.