Picha nyeusi na nyeupe: niweke seti ya wino wa kijivu au nibaki na wino wa rangi?

Uyole_Picha
Ndugu wanajukwaa, nimepokea kazi ya kuchapa picha nyeusi na nyeupe za wazee wa ukoo mmoja wa Rungwe, ambazo familia inataka kuzitundika sebuleni na kuwaachia wajukuu. Printa yangu hutoa picha inayoonekana safi chini ya taa, lakini nikiitoa juani nyuso zinageuka kijani. Je, niondoe wino wa rangi na kuweka seti ya weusi na vijivu, au nirekebishe kwa programu tu?

FundiMwanjelwa
Mleta mada, hujataja aina ya printa wala karatasi, na hujasema kama mashine hiyo ndiyo inayokulisha kwa picha za pasipoti. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Uyole_Picha
Ni Epson L805, karatasi ni ya kung'aa, na pasipoti za wanafunzi nazichapa humo humo.

FundiMwanjelwa
Basi usiiguse. Wino wa zamani umejaa kwenye mirija, na ukishausafisha na kuweka kijivu, pasipoti umeziaga. Aidha, programu ya kawaida ya printa haitajua kwamba tangi la samawati sasa lina kijivu. Utahitaji programu kama QuadToneRIP ya Roy Harrington, inayopanga kiasi cha kila wino, na uhakikishe kwanza kwamba mashine yako imo kwenye orodha yake. Tafuta printa ya pili iliyotumika.

MamaStudio_Iringa
Kaka Fundi, umesahau suala la kudumu. Wino unaokuja na L805 ni wa rangi iliyoyeyuka, na picha ikitundikwa mkabala na dirisha hufifia mapema. Wino wa chembe za kaboni ndio unaostahimili mwanga. Kaboni tupu huelekea ukahawia, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huiongezea samawati kidogo. Ila mleta mada aachane na karatasi ya kung'aa iwapo atanunua ule mweusi wa karatasi ya mati, yaani isiyong'aa, kwa sababu haushiki juu ya ile ya kung'aa: ukipitisha kidole, unabaki na masizi mkononi.

Kipengere
Wenzangu, tahadharini na chupa zisizo na lebo. Muuzaji mmoja aliniuzia seti aliyoiita kaboni, nikaijaza kwenye mashine iliyokuwa nzima kabisa. Jioni moja ya Julai, upepo mkavu wa Njombe ukivuma, umeme ulikatika katikati ya ukurasa, kichwa cha kuchapia kikabaki nje ya kifuniko chake usiku kucha. Asubuhi, karatasi ya majaribio ilikosa karibu nusu ya mistari. Nikasafisha, nikasafisha tena, na kila usafishaji ulimwaga wino kwenye sponji ya taka, mpaka mashine ikagoma kuchapa ikidai sponji imejaa. Nilipozitazama chupa kwenye mwanga, chini palikuwa na tope zito na juu maji ya kijivu. Muuzaji alijibu kwamba kosa ni la baridi ya Njombe.

FundiMwanjelwa
Baridi imesingiziwa, kinachokausha kichwa ni ukavu wa hewa. Mimi huweka bakuli la maji kando ya printa kuanzia Juni.

MamaStudio_Iringa
Bakuli halitakusaidia umeme ukikatika kichwa kikiwa katikati ya safari. Betri ya akiba kwanza, halafu chupa itikiswe kabla ya kujaza, kwa kuwa chembe hutuama.

Kipengere
Mama, tope langu lilikuwa limeshagandamana. Hata ungetikisa mpaka Makambako lisingechanganyika.

Uyole_Picha
Nashukuru nyote. Familia inasema picha zitakaa nyuma ya kioo, kwa hiyo mati inakubalika. Karatasi nzito ya pamba inapatikana Mbeya, au niagize Dar es Salaam?

FundiMwanjelwa
Hapa Mwanjelwa, Mbeya, sijaiona. Na pasipoti utazichapia wapi?

MamaStudio_Iringa
Ninayo mabaki ya pamba ya A4, naweza kukutumia kwa basi. Taja kwanza ukubwa wa fremu, maana L805 haivuki A4.